Alikuachia Lori Ulichunge

Keti, mjukuu wangu. Miguu yangu imechoka na sauti nayo imechoka, lakini nitasema tena.

Umerudi nyumbani Kikula na aibu. Kule mpakani Kasumbalesa dereva Mzambia alikwenda kugongesha mihuri, akakuachia lori na maneno matatu: "Look after it." Ukakumbuka kwamba "look" ni kutazama na "after" ni baada, au nyuma. Basi ukazunguka nyuma ya lori, ukatazama, hukuona kitu, ukaenda kula bukari. Aliporudi, tangi lilikuwa limenyonywa mafuta.

Sisi wa Likasi tumesomeshwa kwa Kifaransa, na Kifaransa hukupa kitenzi kizima kwa kila kazi: regarder, chercher, surveiller. Mwingereza hapo huweza kutumia "look" moja tu, akaibadilishia mkia. "Look at" ni kutazama, "look for" ni kutafuta, "look after" ni kuchunga, kutunza, kulea. Ukiupima mkia peke yake, umepotea. Usijione mjinga: Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko mambo yote.

Lakini wewe una Kiswahili, nacho pia hubadilishia vitenzi mkia, na mimi hilo ndilo linaloniuma. Babu yangu alihama kijijini, akahamia mji huu ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Kutoka "hama" hadi "hamia" irabu moja imeongezeka, na aliyekuwa anaondoka ameshafika. Nani alikukalisha akakueleza hiyo irabu? Hakuna. Ulilisikia neno zima vinywani mwa watu, ukalishika zima.

Shika na hili hivyo hivyo, pamoja na vitu vyake. "She looks after the child": anamlea mtoto. "Look after the money": tunza pesa hizo. Na "it" ikae mwisho, "look after it"; usiipenyeze katikati, hata kama umesikia watu wakisema "pick it up". Kila kitenzi kina desturi yake, na desturi hujulikana kwa kusikiliza sana.

Ukiambiwa neno usilolijua, mshike mtu mkono umuulize kabla hajaondoka. Na huyo dereva, safari ijayo mtafute, umlipe mafuta yake.