Saa Tupu Ni ya Nani?

Usiku mmoja mwaka jana simu yangu ililia saa nane kasoro dakika kumi. Niliamka moyo ukienda mbio, maana kwetu simu ya saa hizo huwa na habari ya aina moja tu. Nikaangalia skrini: "Mama – kliniki." Nikampigia dada aliye Embu, akapokea kabla haijaita mara ya pili. Naye alikuwa ameamshwa hivyo hivyo. Kaka, aliye Meru mjini, alikuwa anatupigia kwa zamu na kutupata tunaongea. Mama mwenyewe, kijijini karibu na Nkubu, alikuwa amelala fofofo.

Kumbe ni kalenda tu. Dada alikuwa ameandika miadi ya saa mbili asubuhi kama tunavyoitamka, 2:00, na simu isiyojua hesabu ya saa ya Kiswahili ikaiweka saa nane usiku. Kisha ikatukumbusha sote watatu dakika kumi mapema, kama ilivyoagizwa.

Kesho yake tulicheka sana. Nakikumbuka kisa hicho kwa sababu ndiyo mara ya mwisho kalenda yetu kutudanganya kwa bahati mbaya. Mara iliyofuata ilidanganya kwa sababu mimi niliiambia idanganye.

Wacha nieleze. Sisi ni watoto watatu. Mimi niko Nairobi. Kaka ana duka la vipuri vya pikipiki Makutano, na dada anauza nafaka Embu. Tangu baba atuage, mama anakaa peke yake na majani chai yake, na macho yameanza kumsumbua. Daktari aliyemzoea yuko Embu, karibu na kwa dada. Hivyo kila miadi inamtaka mtu wa kusafiri naye kwenye ile barabara ya kupitia Chuka, yenye kona na mabonde, na Daraja la Nithi likiwasubiri katikati. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafariki. Mama tangu hapo hataki kabisa kupita Nithi giza likishaingia, na hata mchana humshika mkono aliye karibu naye mpaka gari limalize kupanda upande wa pili.

Tulikuwa tukipanga mambo haya kwenye grupu la WhatsApp la familia, ambapo ujumbe wa maana unazikwa chini ya "Amina" kumi na mbili na picha za maua. Dada akachoka. Akafungua kalenda ya mtandaoni, akaipa jina "Mama", akatualika. Akatuomba pia kila mmoja amfungulie kalenda yake, ili aone nani ana nafasi lini. Wazo zuri. Nikakubali kwa kubonyeza mara moja, bila kujua nimekubali nini.

Google Calendar imekuwepo tangu 2006, na wengi wetu tumeizoea kazini kiasi cha kutoishangaa tena. Lakini hebu itazame kama mgeni. Mtu anachagua saa katika siku yako, anaipa jina, anaituma. Kwa mipangilio ya kawaida, mwaliko ule unakaa kwenye siku yako hata kabla hujajibu. Ukishaufungua unaulizwa swali lenye majibu matatu: ndiyo, hapana, labda. Halafu kuna suala la kushirikishana. Unaweza kumwonyesha mwenzako kila kitu ulichoandika, au umwonyeshe tu kwamba saa fulani uko bizi, sababu ikae kwako.

Mimi nilimfungulia dada kila kitu. Ni dada yangu, nimfiche nini?

Baada ya miezi miwili nilijua. Jumamosi tupu kwenye kalenda inayoonwa na familia ni kama chakula kilichoachwa bila kawa. Harambee ya binamu Chuka. Kamati ya harusi Runyenjes, kwao mama. Mwenzetu anahama nyumba. Kila mwaliko ulikuwa wa haki, hakuna hata mmoja ningeweza kuuita upuuzi. Na kila mmoja ulikuja na hoja isiyosemwa: tumeona huna kitu.

Pwani hadi bara, Kiswahili kimetufundisha adabu ya mlango. Unapiga hodi. Usipojibiwa unapiga tena. Mara ya tatu ukikosa jibu unaenda zako, na hupaswi kununa. Mwenye nyumba anaweza kuwa amelala, anaweza kuwa analia, anaweza kuwa hataki tu. Hodi ina nguvu kwa sababu aliye nje haoni ndani. Kalenda iliyofunguliwa inaondoa ukuta, kisha inatutaka tuendelee kujibu "karibu" kana kwamba mlango bado upo.

Basi nikajenga ukuta wangu. Nilichukua Jumamosi zote mpaka mwisho wa mwaka, asubuhi hadi jioni, nikaandika neno moja: "Kazi." Haikuwa kazi. Ilikuwa kulala mpaka saa nne, kufua, mpira, na wakati mwingine kukaa kitandani nikitazama dari. Sikujiona mwongo. Nilijiona mtu aliyejua kujilinda.

Mwezi wa tisa mama alihitaji kurudi kwa daktari. Jumamosi ingefaa: mimi ningepanda gari Ijumaa hadi Nkubu, nimpeleke Embu asubuhi, tulale kwa dada. Dada akaangalia kalenda yangu, akaona "Kazi", akaruka Jumamosi. Kaka alikuwa anakuja Nairobi kuchukua mzigo wiki hiyo. Ikabaki Alhamisi. Dada akafunga duka Jumatano, akapanda matatu ya jioni kumfuata mama, akapita Nithi usiku ili mama asipite usiku. Mimi nilipata mwaliko, "Mama – macho, Alhamisi", nikajibu "labda". Sijui hata labda ya nini. Nilikuwa ofisini.

Alipofika, mama alikataa kwenda.

Alhamisi ile ilikuwa siku ya chama chao kugawana pesa za mwaka, na mama ndiye mweka hazina. Akina mama wenzake walikuwa wanakuja kwake saa tatu asubuhi. Pesa zilikuwa kwenye kikopo chini ya kitanda, hesabu ilikuwa kwenye daftari, na yeye ndiye aliyejua kulisoma. Dada alinipigia saa nne usiku, amechoka hadi sauti imekwaruza. Nikasikia mama nyuma yake, wala hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu:

"Nani aliniuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Kalenda ile ilikuwa na jina lake juu, na karibu kila kilichoandikwa mle kilimhusu: macho yake, dawa zake, mbolea yake, bonasi yake ya majani chai ya mwezi wa kumi. Lakini kumwalika mtu kwenye kalenda kunataka baruapepe, na mama ana kabambe. Kwa hiyo tulialikana sisi kwa sisi kwenye maisha yake. Yeye alikuwa tukio.

Nilikuwa bado nafikiria namna ya kumtetea mama kwa dada nilipogundua kwamba mimi ndiye sikuwa na pa kusimama. Nikamwambia ukweli kuhusu Jumamosi. Dada alinyamaza muda, kisha akasema, "Ungeandika 'nimechoka' ningekuelewa. Lakini uliandika kazi, na kazi niliiheshimu."

Sentensi hiyo imekaa nami mwaka mzima.

Mwanafalsafa John Mbiti alizaliwa Kitui, ng'ambo ya Mto Tana ukiwa upande wa Mbeere. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza wazo lake la wakati. Alisema kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati unaundwa na matukio, na kwamba lisilotokea bado halijawa wakati hasa. Wengi walimpinga, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, aliyeonyesha kwamba Waakan wanafikiria wakati ujao vizuri tu. Nami siamini kwamba nyanya zetu hawakuwa na kesho. Mtu hapandi mahindi bila kesho. Lakini Mbiti ananisaidia kuona kosa moja la kalenda. Kalenda inachora visanduku kwanza, vitupu, kisha inangoja tuvijaze. Kwa hiyo tunaamini kwamba saa ipo tayari kabla ya mtu yeyote kuiishi, kama ploti isiyo na ua, na kwamba isiyoandikwa kitu haina mwenyewe.

Saa tupu ina mwenyewe. Jumamosi yangu ya kutazama dari ilikuwa yangu hata bila jina. Alhamisi ya mama ilikuwa yake hata kama haikuonekana kwenye simu zetu. Kuona kwamba mtu ana nafasi hakukupi haki juu ya nafasi hiyo. Kunakupa tu mahali pazuri pa kupigia hodi.

Sasa utaniuliza: kama saa ni yako, kosa lako liko wapi? Ukuta ulikuwa haki yako. Ndiyo, na ningeweza kuujenga bila kudanganya. Kalenda yenyewe inaruhusu useme "niko bizi" bila sababu. Huo ni mlango uliofungwa. Nilichofanya mimi ni kukaa ndani na kupaza sauti, "Hakuna mtu!" Tofauti yake anaijua aliyekuwa nje. Aliyekuta mlango umefungwa anaweza kuuliza tena, kubembeleza, hata kukasirika. Aliyeambiwa hakuna mtu anaondoka na kupanga maisha yake juu ya neno hilo. Dada alipanga usiku wake wa Nithi juu ya neno langu. Kalenda ya pamoja ina hatari hiyo: uongo mdogo ulioandikwa kujilinda unageuka kuwa nguzo, na mtu usiyemwona anajenga juu yake.

Lakini sitajibebesha lawama zote, maana hiyo nayo ingekuwa njia ya kulikwepa swali. Kwa nini sikuandika "nimechoka"? Kwa sababu katika familia zetu kuna sababu tatu tu zinazokubalika: kazi, ugonjwa na msiba. Sema umechoka, utaambiwa mama yako alichuma majani chai akiwa na mimba yako. Sema unataka kuwa peke yako, watakuombea. Dada anasema angenielewa, na huenda ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kujaribu. Tukikataa kupokea "hapana" iliyo wazi, tunawafundisha watu wetu kutuletea "kazi" ya uongo. Anayealika anataka jibu la kweli? Basi kwanza afanye "hapana" iwe jibu linalowezekana.

Nilienda nyumbani Jumamosi iliyofuata, bila kualikwa na kalenda yoyote. Nilimpigia mama kwanza nikamuuliza kama ana nafasi. Akacheka. Alidhani natania.

Nyuma ya mlango wa jikoni mama ana kalenda yake, ya karatasi, zawadi ya duka la dawa za mifugo. Nimeiona maisha yangu yote bila kuisoma. Siku hiyo nikaisoma. Kila alipopeleka majani chai kituoni ameandika kilo alizopimiwa, ili mwisho wa mwezi alinganishe na malipo. Kwa mbele haandiki kitu. Anaandika jioni, jambo likishatokea. Kati ya kilo kuna herufi moja moja, na nilichukua muda kuelewa kwamba ni majina yetu, siku tulizofika. Kaka yuko karibu kila wiki. Dada yupo mara mbili au tatu kwa mwezi. Mimi, tangu Januari, nilikuwepo mara mbili.

Hakunionyesha. Hakusema kitu. Jioni alichukua kalamu iliyofungwa kwa uzi, akasogeza uso karibu sana na karatasi kwa sababu ya macho, akaniandika.

Siku hizi tuna sheria moja: hakuna linalomhusu mama linaloingia kwenye kalenda kabla hajapigiwa simu. Dada analalamika kwamba inachukua muda, kwa kuwa mama hajibu "ndiyo" au "hapana". Anaanza na habari za ng'ombe. Mimi nimefuta "Kazi" zote za Jumamosi. Mahali pake nimeandika "Nimelala", na sijaificha.

Wiki jana dada aliniletea mwaliko pale pale juu ya usingizi wangu. "Mama – macho, Jumamosi, saa nne asubuhi. Amekubali. Ukiamka." Saa ameiweka sawasawa, 10:00. Nikaukodolea macho kidogo, nikapima kama nataka kweli, kisha nikabonyeza ndiyo.