Pasta, Kwa Hivyo Ninyamaze?

Swali la wiki hii sikulitoa kwa kitabu. Niliulizwa na mtoto wa miaka kumi, na lilinipata pabaya.

Mnaijua ligi yetu ya watoto wa makanisa, ile ya Jumamosi. Likizo hii mimi ndiye nilikuwa kocha. Nusu fainali, bila kwa bila, dakika zimebaki chache. Kona ikapigwa, watoto wakarundikana, mpira ukaingia. Refa akapuliza: goli! Tukaruka, mimi wa kwanza. Mara yule kijana wetu aliyefunga akamwendea refa, akamwambia, "Ref, ilinigonga mkono." Goli likafutwa. Tukaenda penalti, tukatolewa.

Nikamvuta kando. "Siku nyingine ukinyamaza hakuna mtu atajua. Kuona ni kazi ya refa." Akaniangalia. "Pasta, kwa hivyo ninyamaze?" Sikumjibu. Nilijifanya nakusanya jezi.

Je, kunyamaza ni kudanganya? Nilijitetea usiku kucha, na utetezi wangu haukuwa wa kipuzi. Mtoto hakuulizwa kitu. Mpira una refa kwa sababu wachezaji hawawezi kujihukumu. Tena ukweli wake hakuulipia peke yake: wenzake walilia pia, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kulipa.

Lakini mimi nilisomea biashara. Darasani tulifundishwa kwamba mahesabu yanaweza kuwa na kila nambari sahihi na bado yawe ya uongo, kwa sababu ya deni moja ambalo halikuandikwa. Anayesoma anaamini ameona yote. Kunyamaza hufanya hivyo hivyo. Humpi mtu uongo mpya. Unamwacha na ule alio nao tayari, halafu wewe unakula faida yake.

Walawi 5:1 inasema anayejua jambo, akaitwa atoe ushahidi, akanyamaza, anabeba hatia. Utaniambia kijana hakuitwa. Kweli. Lakini kifuani alivaa jina la kanisa. Nadhani wito alikuwa ameshaupata.

Nikakumbuka kisa cha Mkenya mwenzetu, Abel Mutai, aliyepata shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya London 2012. Desemba mwaka huo huo alikuwa akiongoza mbio za nyika huko Burlada, Uhispania. Karibu na mwisho akadhani amemaliza, akapunguza mwendo. Wa pili, Mhispania Iván Fernández Anaya, angempita tu. Hakumpita. Alibaki nyuma yake, akamwonyesha kwa ishara mstari uko wapi, akamwacha ashinde. Wengi walimsifu. Ila kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995, alisema wazi kwamba yeye angeitumia nafasi hiyo ashinde.

Kisa hiki nikikisimulia mimbarini huwa najiweka upande wa Fernández. Jumamosi ile nilikuwa Fiz. Na Fiz si mchungaji.

Sisi watu wa Eldoret hatuwezi kulichukulia hili kama mchezo wa watoto. Mji wetu unajulikana kwa mabingwa, lakini Novemba 2022 nchi yetu iliponea chupuchupu kufungiwa na Shirikisho la Riadha la Dunia kwa sababu ya dawa zilizopigwa marufuku. Hakuna mtoto anayezaliwa na sindano mkononi. Najiuliza ni wangapi waliwahi kuambiwa na mtu mzima wanayemheshimu maneno yale yale yangu: hakuna mtu atajua.

Kuhusu wale wenzake, sina jibu tamu. Ukweli wa mmoja hugharimu wengi. Baba akikataa hongo, watoto wake pia watakula ugali na sukuma bila nyama. Lakini goli walilopoteza halikuwa lao. Lilikuwa la wale watoto wa upande wa pili, nami nilitaka kulichukua kwa kutumia mdomo wa mtoto uliofungwa.

Jumatatu nilienda kwao. Mama yake akanipikia chai. Nikamwambia kijana mbele ya mama yake: "Usinyamaze. Ni mimi nilikosea. Nisamehe." Akatulia kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo bado niko kwa timu?"

Wapendwa, hilo ndilo lililonivunja. Siku mbili nzima mtoto alilala akiamini kwamba ukweli umemtoa timu ya kanisa, na aliyemfundisha hivyo ni pasta wake.

Jumamosi mtakapokuja uwanjani, shangilieni kwa nguvu. Ila watoto wetu wakisema ukweli unaotuumiza, wasione nyuso zetu zimenuna. Mungu awabariki.