Kati ya Kazi na Kazi
Asubuhi hii namkumbuka Dickens Otieno, mwana wa mshonaji nguo, anayekata mikebe ya soda vipande vyembamba na kuvifuma kama kitambaa. Mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa wasanii walioiwakilisha Kenya kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Lakini kabla ya kufuma, mikebe lazima ikusanywe, ichambuliwe rangi kwa rangi. Huenda mpita njia akimwona akikusanya akadhani hana shughuli. Mimi naziheshimu siku hizo za kukusanya na kuchambua kuliko siku ya ufunguzi wa maonyesho, yenye picha na makofi. Nawe dada wa Ruiru uliyemaliza kusuka kiondo jana, usijilaumu mikono ikitulia leo. Pita sokoni, tazama leso zilivyotundikwa, papasa nyuzi, uliza bei ya katani.