Upande wa Ndani wa Kofia

Wasichana wanaokuja barazani kwangu kujifunza kudarizi hufika na hamu ya viua. Wamewaona baba zao siku ya Idd, kanzu nyeupe na kofia iliyojaa vijitundu, nao wanataka kutoboa siku hiyo hiyo. Mimi huwapa kipande cha bafta, sindano nyembamba na uzi usiopita urefu wa kiganja hadi kiwiko, maana uzi mrefu hujisokota. Kisha wapige bandi tu, mstari ulionyooka, hatua sawa kwa sawa. Bandi ikitulia ndipo tunakuja kwenye kiua. Ncha ya sindano nene husukuma nyuzi za kitambaa pembeni, tundu likafunguka, halafu uzi huzungushwa ukingoni, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka duara likaze. Fundo siruhusu. Mwanzo wa uzi hulazwa chini ya mishono ya kwanza, na mwisho wake hupitishwa chini ya mishono ya mwisho.

Hapo ndipo mmoja wao huuliza: "Bibi, huku ndani nani ataangalia?"

Hilo ni swali la dini, wala silipuuzi. Katika Arobaini ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, hadithi ya kwanza ni ya nia, na ya pili ni ile ya Jibrili, inayofundisha ihsani: mja amwabudu Mola wake kana kwamba anamwona, na asipomwona ajue kuwa yeye anaonwa. Watoto wetu huihifadhi madrasa wakiwa wadogo, wakaisoma bila kusita. Lakini ulimi unaweza kubeba maneno miaka mingi na mkono usiyajue.

Ndugu yangu mmoja, mtu wa msikitini, hunipinga, na hoja yake ni nzito. Mungu hutazama moyo, asema, hatazami kofia. Ya mashine inafunika kichwa vilevile, na sala ya mwanamume inaswihi hata akiwa kichwa wazi. Isitoshe, umri ni amana, na tutaulizwa tumeumaliza katika nini; kuutia miezi kwenye vitundu ni israfu.

Kuhusu kofia nakubaliana naye. Sidai kwamba anayevaa kofia ya mkono ana thawabu zaidi. Namzungumzia anayeishona. Huo moyo anaoutaja hufundishwa kwa viungo: tunasujudu kwa paji la uso, tunafunga kwa tumbo, tunatoa zaka kwa mkono. Mkono uliozoea kuficha uchafu pale pasipo na wa kuuona utafanya vivyo hivyo kwenye mizani ya dukani.

Tena upande huo wa ndani una mwenyewe. Kofia hufuliwa, ikatiwa wanga, ikafuliwa tena. Uzi ulioachwa bila kufichwa huchomoka, na kiua kimoja kikilegea, jirani yake naye hufuata. Kwa hiyo aliyepuuza huko ndani amemdhulumu mnunuzi, ambaye ameshalipa na hana habari. Wanawake wengi wa Unguja, Pemba na Lamu wameshona kofia ili watoto wale, na mimi sioni kuwa fedha inaharibu nia. Ghushi ndiyo inayoiharibu.

Na riya? Naiogopa zaidi kwenye mapambo ya nyumbani, yanayotundikwa ukutani wageni wayasifu. Kofia huuzwa, ikaenda hata Maskati, ikasujudu juu ya kichwa cha mtu asiyejua jina la aliyeidarizi. Sifa haimrudii mshonaji. Kwa mwanafunzi hiyo ni neema kubwa, maana anazoea mapema kufanya kazi njema pasipo makofi.

Ombi langu ni kwa wazazi. Msiwaulize mabinti zenu kofia itakwisha lini. Waambieni waigeuze, muitazame ndani pamoja nao, na palipo na fundo wafumue.