Je, Mvumilivu Hula Mbivu Siku Zote?

Wazee wetu walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hii twawafundisha watoto, nasi wenyewe twajifariji nayo kazi inapokuwa ngumu. Lakini yatupasa kuuliza: Je, asipokula? Mtu akifanya kazi kwa uaminifu miaka 20 asione tunda lolote, tuseme amepoteza maisha yake? Katika kulifikiri swali hili twapenda kueleza habari za mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa mbali sana na mashamba yetu.

Trevor Weekes alizaliwa Ireland mwaka 1940, akaenda Marekani akawa mtaalamu wa elimu ya nyota. Alichokitafuta ni miale ya gamma, yaani nuru isiyoonekana kwa macho, yenye nguvu kupita nuru nyingine zote. Miale hiyo haifiki ardhini. Ikigonga hewa ya juu huzaa chembe nyingi, nazo hutoa mmweko hafifu wa rangi ya buluu, unaodumu sehemu chache tu za bilioni moja za sekunde. Mwaka 1968, katika mlima Hopkins huko Arizona, ilijengwa darubini yenye upana wa mita 10, iliyoundwa kwa vioo vidogo 248, ili kuunasa mmweko huo.

Shida ilikuwa hii: chembe nyingine zitokazo angani hutoa mmweko unaofanana na ule, na kwa kila mwale mmoja wa gamma chembe hizo huja kwa mamia. Ni kama kutafuta punje ya mchele katika gunia la pumba, tena gizani. Katika miaka ya 1970 na 1980 makundi kadhaa ya wataalamu yalitangaza kwamba yameona miale hii ikitoka katika nyota fulani. Iliyovuma sana ni ile iitwayo Cygnus X-3. Vyombo bora zaidi vilipoelekezwa huko baadaye, habari zile hazikuthibitika.

Weekes na wenzake hawakukaa bure wakingoja. Mwaka 1977 yeye na mwenzake mmoja walieleza jinsi ya kupiga picha ya mmweko badala ya kuuhesabu tu. Mwaka 1985 Michael Hillas wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, akaonyesha kwa hesabu jinsi picha ya gamma inavyotofautiana kwa umbo na zile nyingine. Huo ndio ukawa ungo wa kupepetea pumba. Mwaka 1989 kundi la Weekes likatangaza, kwa uhakika, miale itokayo Crab Nebula, mabaki ya nyota iliyopasuka ambayo Wachina waliiona mwaka 1054. Ilikuwa imepita miaka 21 tangu darubini ijengwe! Mwaka 1992 wakatangaza Markarian 421, mojawapo ya galaksi ambazo kitovu chake chawaka kwa nguvu za shimo jeusi. Nuru yake tuionayo ilianza safari yapata miaka milioni 400 iliyopita.

Twajifunza nini? Kwanza, uvumilivu si kungoja tu. Mkulima apandaye mbegu ile ile iliyooza miaka 20 si mvumilivu, ni mkaidi. Mvumilivu hulishika lengo lake, lakini hubadili jembe.

Pili, uvumilivu bila ukweli haufai kitu. Sisi tuliofundisha vyuo vya ualimu twakijua kishawishi hiki. Mwanachuo aliye nyanda za juu, penye mwinuko wa mita 2,000, huchemsha maji, na kipimajoto chaonyesha karibu digrii 93. Kitabu chasema 100. Basi huandika 100 apate alama. Alama ameipata, lakini amejinyima somo lenyewe, kwamba hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Hali kadhalika katika kamati zetu, mara ngapi taarifa huandikwa ili wakubwa wapendezwe?

Mtu aweza kusema kwamba ni rahisi kumsifu Weekes kwa kuwa mwishowe alipata. Ni kweli. Lakini tufikiri kama darubini ile ingezeeka bila kuona kitu. Neno "hatujaona", likisemwa kwa kweli na kwa kipimo, humwonya ajaye asichimbe tena pale pale kwa jembe lile lile. Neno "tumeona", likiwa si kweli, humpoteza. Wala hatusemi kwamba kila kazi isiyozaa ilipiwe miaka 20. Wenye kulipa wana haki ya kuuliza, na mfanyakazi ana wajibu wa kuwajibu kweli, hata kama jibu litamharibia.

Weekes alifariki mwaka 2014. Leo vyanzo zaidi ya 200 vya miale hiyo vyajulikana, na vingi vilionwa kwa darubini zilizoko Namibia, katika bara letu, ambazo zilianza kazi mwaka 2002 zikifuata njia ile ile ya picha. Methali yetu basi ni ya kweli, ila haisemi ni nani atakayekula. Pengine mbivu zitaliwa na wajao. Wajibu wetu tupandao ni kutowaambia watu kwamba zimeiva kabla hazijaiva.