Yeye Alikuwa Anatafuta Nini?

Sisi tunaoota kuandika riwaya na filamu tuna mchezo wetu. Kabla hujaandika kurasa 90 za skripti, unaambiwa uifupishe hadithi yako kwa sentensi moja: ni nani, anataka nini, na kitu gani kinamzuia. Ukishaipata unawasomea wenzako, nao wanakuambia kama inauzika. Ni mchezo mtamu. Lakini hebu tujiulize: anayeisikiliza sentensi ile ana wajibu gani? Aseme tu kama imekaa vizuri, au aseme pia kama imemdhulumu mtu?

Naanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikawa yule nyani asiyeona kundule.

Hapa kwetu Mawengi, wilaya ya Ludewa, kuna baridi, ukungu, viazi na mahindi. Na kuna wasichana wanaoondoka. Wanapanda basi hadi Njombe, wanapita Makambako, wanakwenda kushuka Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Mkoa wetu wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, lakini huko mjini jina halikubadilika: "hausigeli wa Iringa". Wengine husema "beki tatu" na kucheka. Kwenye filamu zetu za Kibongo unamtambua akiingia tu mlangoni: kitenge kimefungwa ovyo, lafudhi imekolezwa, eti anaogopa hata friji. Haupiti muda, ama ameiba, ama amemchukua baba mwenye nyumba. Na sisi tumejazana kwenye kibanda umiza tunaangua kicheko, sisi ambao ni kaka zake.

Basi nami niliandika sentensi yangu hivi: "Msichana mshamba kutoka Iringa anapata kazi Masaki na kuvuruga ndoa ya tajiri." Niliwasomea marafiki wanne. Wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Hiyo inauza, mwanangu!"

Dada yangu, binti wa baba mkubwa, alikuwa pembeni anamenya viazi. Yeye alifanya kazi za ndani mjini miaka sita kabla hajarudi nyumbani. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Yeye mwenyewe alikuwa anatafuta nini?"

Nikakosa jibu. Tajiri nilijua anataka nini, na mke wake pia. Yule msichana nilimwandika kama mvua ya mawe: inakuja, inaharibu, inapita. Nani anaiuliza mvua shida yake?

Kesho yake nikarudi na sentensi mpya, nikiwa na hakika nitasifiwa: "Msichana mwema kutoka kijijini anateswa na mwajiri katili mpaka msamaria mwema anapomwokoa." Dada akacheka. "Mdogo wangu, jana nilikuwa mvunja ndoa, leo nimekuwa ngoma. Napigwa tu."

Kwa kweli nililala na maneno yale. Nilidhani dawa ya mhusika mbaya ni mhusika mwema. Kumbe wote wawili wana upungufu mmoja: hakuna anachokitaka kwa nafsi yake. Wa kwanza nilimtumia ili watu wacheke, wa pili nikamtumia ili walie.

Ousmane Sembène wa Senegali aliliona jambo hili zamani. Mwaka 1966 alitoa filamu yake iitwayo La Noire de..., inayomhusu Diouana, msichana wa Dakar anayepelekwa Antibes, Ufaransa. Alitarajia kulea watoto na kuiona nchi ya watu. Akajikuta anapika na kufagia, amefungiwa ndani ya nyumba. Mwishowe anajiua. Mbele ya mabwana zake hasemi mengi, lakini sisi watazamaji tunayasikia mawazo yake. Ukiifupisha filamu ile bila kutaja alichokitarajia, umeiua. Msiba wake unatokana na matumaini yake.

Rafiki yangu mmoja alinibishia: "Filamu ni burudani, bwana. Na hausigeli wanaoiba si wapo?" Wapo, sikatai. Basi aibe, lakini aibe kwa sababu yake, tuijue, hata kama hatuikubali. Mwaka 2021 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 75.6 wanafanya kazi za ndani duniani. Wamo wema na wabaya, wenye akili na wazembe. Asiye na sababu ya kuondoka kwao hayumo.

Sasa nirudi kwa msikilizaji. Wale wanne waliopiga makofi hawakunisaidia, ingawa walikuwa marafiki wa kweli. Yupo pia mkosoaji wa namna nyingine, anayesema: "Wewe ni mwanamume, hujawahi kufua nguo za mtu, usimwandike kabisa." Huyu simpuuzi, ila nikimfuata nitaandika habari zangu peke yangu maisha yote, na dada yangu atabaki mikononi mwa wanaomchekesha. Msikilizaji bora ni yule anayeuliza swali ambalo mwandishi alilikimbia.

Lakini swali lile lina deni lake. Jioni moja nilimrudishia dada: wewe ulikuwa unatafuta nini? Akaniambia. Lilikuwa jambo fupi, linaenea katika sentensi moja, na sentensi ile inazishinda zangu zote mbili. Nikainuka kutafuta kalamu. Akasema, "Hiyo usiiandike. Hiyo ni yangu." Haya mengine nilimsomea, akaniruhusu.

Kwa hiyo, msomaji, ninayo sentensi nzuri nisiyo na ruhusa nayo. Wenzangu wananiambia nibadilishe jina na kijiji, nani atajua? Atajua yeye. Kumsikiliza mtu hakukupi umiliki wa siri yake, hata kama sanaa yako inaihitaji.

Nimeanza kumtunga msichana mwingine, mwenye haja yake mwenyewe. Anakuja polepole, mara nyingi nafuta. Nikimmaliza nitamsomea dada kwanza, kabla ya wale wa makofi.