Siipendi, Si Nzuri, Isisikilizwe

Mtu akisema muziki fulani ni mbaya, je, amesema jambo kuhusu muziki huo au kuhusu nafsi yake? Wengi wetu hulimaliza swali hili kwa kusema kwamba kila mtu ana ladha yake. Jibu hilo lina adabu, lakini halitoshi, na wakati mwingine linatuacha bila kinga. Nitalijadili kwa kutumia albamu moja ya roki ambayo imewagawa wasikilizaji wake vibaya sana.

Albamu hiyo inaitwa Duma. Ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya hapa Kampala. Walioipiga ni Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, na kundi lao lilikuwa na jina hilohilo. Msomaji wa Kiswahili atamfikiria mnyama mwenye mbio, lakini wenyewe wamelitoa jina katika lugha ya Wakikuyu, na maana yake ni giza. Ina nyimbo 9. Midundo hutoka kwenye mashine kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauiwezi, gitaa limegeuzwa mngurumo, na mwimbaji hupiga mayowe. Wako wanaoiita kazi ya kipaji kikubwa, na wako wanaosema si muziki hata kidogo.

Hapa Port Bell, ninakoishi, niliwapa watu watatu waisikilize kwenye simu yangu. Mwanafunzi mwenzangu aliisifu sana. Nilipomuuliza amependa nini, alijibu kwamba hata Ulaya wanaisifu, na asiyeipenda ni mshamba. Jirani yetu, mwalimu wa kwaya, alisikia nusu dakika tu akanirudishia simu. Alisema huo ni muziki wa shetani na serikali iupige marufuku. Wa tatu alikuwa mzee mmoja kutoka Mwanza, fundi wa zamani wa injini katika meli zinazovusha mabehewa ya treni kati ya bandari yetu na Tanzania. Yeye alisikiliza nyimbo mbili nzima. "Mjukuu wangu," akasema, "injini ikilia hivi, mimi naizima kabla haijatuua. Wewe unanunua bando uisikilize?"

Katika majibu kama haya mna kauli tatu ambazo tumezoea kuzichanganya. Anayesema "siipendi" anajisemea mwenyewe, na hakuna wa kumdai ushahidi. Anayesema "si nzuri" anaizungumzia kazi yenyewe, kwa hiyo anadaiwa sababu. Anayesema "isisikilizwe" anaamua kwa niaba ya watu wengine, na anadaiwa zaidi: aonyeshe nani anaumia. Jirani yetu ana haki kamili ya kuuchukia muziki huu. Tatizo ni kwamba aliruka kutoka kauli ya kwanza hadi ya tatu bila kupita ya pili.

Mruko huo si jambo dogo. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alilipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege, lililotoka mikononi mwa watu walewale wa lebo hii, kabla ya uamuzi huo kubatilishwa. Mwaka 2022 Bunge nalo lilitaka kulizuia, na hatimaye serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mtu anaweza kudai kwamba hapo ndipo msemo wa kila mtu na ladha yake unapotusaidia. Sidhani. Kama ladha haina sababu, basi ya waziri nayo ni ladha tu, na yeye ana polisi.

Sifa nazo zina ngazi zake: "naipenda", "ni nzuri", "asiyeipenda ni mshamba". Mwenzangu aliruka palepale aliporuka jirani yetu. Ameazima masikio ya Ulaya, na siwezi kujua kama yake mwenyewe yamesikia chochote.

Mzee wa Mwanza ndiye pekee aliyetoa sababu. Alisikia sauti ya chombo kinachokaribia kuvunjika, na nadhani kitu hicho kimo kweli ndani ya albamu. Kwa hiyo siwezi kumwambia kwamba hakuielewa. Aliielewa akaikataa. Mimi naipenda kwa sababu ileile: inaniwezesha kuukaribia woga huo nikiwa nimekaa salama kitandani. Yeye aliyeishi miaka mingi karibu na hatari yenyewe haoni kwa nini aifanye burudani. Tumesikia kitu kimoja, maisha yetu ndiyo yaliyotutofautisha, na hakuna kati yetu anayelazimika kushinda.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Sioni kwamba wametutaka tupende kila kilichomo gizani. Tunachodaiwa ni kusikiliza kiasi cha kuweza kusema tumesikia nini, na baada ya hapo kuchukia ni ruhusa.

Nyumba zetu hapa zimebanana. Jirani akiniomba nipunguze sauti usiku, ana sababu, maana usingizi wake unaumia, nami nitapunguza. Akinitaka niifute albamu yenyewe, nitamwomba kwanza aniambie amesikia nini ndani yake.